Kabla Hujampa Mtu Riwaya ya Mapenzi, Muulize Anataka Iishe Vipi

Mtu akiombwa apendekeze riwaya ya mapenzi, aghalabu hutaja ile iliyomliza au kumkosesha usingizi yeye mwenyewe, kisha hushangaa kuona mwenzake amekirudisha kitabu bila hata kufika katikati. Kwa uzoefu wangu wa kuazimana vitabu na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu, swali la kwanza la kumuuliza msomaji si mwandishi gani anampenda, bali anataka hadithi iishe vipi. Wako wanaosoma mapenzi kwa sharti kwamba wahusika wawili, hata wakitenganishwa na safari, fitina na wazazi, watakutana mwishoni na kuoana. Wako pia wanaotaka kuonyeshwa jinsi mapenzi yanavyovunjika na ni nani aliyeyavunja. Ukiwachanganya watu hawa, hakuna kitabu kitakachokusaidia, hata kiwe kizuri namna gani.

Tofauti hii ina chimbuko lake. Wengi wetu tuliosoma shule za bweni tulianza na vile vijitabu vyembamba vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon, ambavyo vilizunguka bwenini vikiwa vimefunikwa kwa gazeti ili matroni asione jalada. Vitabu hivyo vina ahadi isiyovunjwa: mwisho ni wa furaha. Riwaya za Kiswahili tulizozikuta baadaye hazikuwahi kutoa ahadi hiyo. Waandishi wetu wakubwa walipoandika mapenzi, mara nyingi waliyaandika ili kuzungumzia jambo jingine, kama vile malezi, mali, utabaka au ukoloni, na wapenzi ndio waliolipa gharama.

Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Inataja mapenzi tangu kurasa za mwanzo, lakini barua ya kwanza ya mapenzi anayoandikiwa Rosa huko Ukerewe inamfikisha kwenye kipigo cha baba yake, Zakaria, na kipigo hicho kinabaki katika maisha yake yote yanayofuata. Ni riwaya ninayoiheshimu sana, na ni riwaya ambayo sitampa mtu aliyeniambia kwamba anataka kitu cha kupumzisha moyo. Dada mmoja katika kundi letu la kuazimana vitabu alimpa rafiki yake aliyekuwa anajiandaa kuolewa. Kitabu kilirudi na swali moja tu: "Shoga, ulikuwa unataka nivunje harusi?"

*Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ni kitabu ninachokipendekeza mara nyingi zaidi kuliko kingine chochote, ila sikitoi bila maelezo. Yasmin, binti wa jamii ya Kihindi huko Zanzibar, anaozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa, anaikimbia ndoa hiyo, kisha anampenda Denge, kijana ambaye kazi yake ni kuwapinga wakoloni wa Kiingereza. Anayesoma kwa ajili ya Yasmin na Denge peke yao atachoshwa na mikutano ya siri na askari kanzu, kwa hiyo mimi namwambia mapema kwamba siasa humo si pambo. Ndiyo inayowatenganisha wapenzi hao. Akishalijua hilo, huvumilia. Mvivu wa kusoma namwelekeza kwenye filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hiyo, na wengine huirudia riwaya baada ya kuitazama.

Baada ya swali la mwisho wa hadithi, nauliza swali la pili: kitabu gani ulikiacha njiani, na ulikiachia wapi? Jibu lake linafundisha kuliko orodha ndefu ya vitabu alivyovipenda. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alinijibu kwamba aliacha mahali ambapo bwana anamkamata binti mkono kwa nguvu, binti anasema hataki, na mwandishi anaendelea kusimulia kana kwamba hiyo ni bashasha. Tangu hapo nilijua ni aina gani ya mwanamume wa riwayani nisimpelekee. Mwingine huachia pale mambo ya chumbani yanapoanza kuelezwa waziwazi. Hili lisemwe bila haya, maana kitabu nyumbani kwetu hakina mwenyewe: leo kiko kwa binti, kesho mama mkwe anakiokota sebuleni akitafuta miwani yake.

Kuhusu mahali pa kuvipata, wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa chini, maeneo ya Posta jijini Dar es Salaam na kando ya mitaa ya katikati ya Nairobi, bado wana hazina, hasa kwa riwaya ambazo hazichapishwi tena. Usihangaike na maelezo ya nyuma ya jalada, kwa kuwa hayo yaliandikwa ili kuuza. Fungua katikati, tafuta ukurasa ambao wapenzi wanazungumza, uusome wote ukiwa umesimama hapo hapo. Kama mazungumzo yao yanafanana na hotuba, rudisha. Kisha hakikisha kurasa za mwisho zipo. Katika riwaya ya upelelezi unaweza kumkisia muuaji, lakini riwaya ya mapenzi iliyonyofolewa kurasa za mwisho ni dhuluma kwa msomaji. Kwa vitabu vya zamani kama *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, ambamo mapenzi na tamaa ya mali havitenganishiki, ulizia pia Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam.

Anayetaka mwisho wa furaha kwa Kiswahili, nionavyo, atahudumiwa vizuri zaidi na simulizi zinazotolewa sehemu kwa sehemu kwenye simu. Wasomi wengine huzidharau kwa sababu ya uhariri wake mbovu, na ni kweli kwamba unaweza kumkuta mhusika amebadilika jina kati ya sehemu ya nane na ya tisa. Hata hivyo, humo ndimo binti wa Mbagala anapopendwa, akapigwa chenga na mawifi, na bado akafika ukumbini salama. Sharti langu ni moja: sipendekezi simulizi ambayo haijakamilika, maana "itaendelea" nyingine huwa haziendelei, na lawama humrudia aliyependekeza. Ikiwa mwandishi anauza simulizi nzima kwa kulipwa kwa simu, mpe mwenzako namba ya mwandishi badala ya kumrushia faili. Bei yenyewe mara nyingi haifiki nauli ya bodaboda, na mwandishi asipolipwa hataandika nyingine.

Na unapopendekeza, usisimulie. Sentensi mbili au tatu zinatosha: wahusika ni nani, kizuizi chao ni nini, na je, kuna jambo ambalo linaweza kumuumiza msomaji huyu hasa. Aliyefiwa na mume karibuni hapaswi kukutana na mazishi katika sura ya tatu bila kuambiwa. Ukishakitoa kitabu, mwache mtu asome. Kumwuliza kila jioni "umefika wapi?" humfanya asome kwa hofu kama mwanafunzi wa mtihani, na wapo watakaokudanganya kwamba wamemaliza ili tu uwaache.