Kadi yenye tarakimu ndogo inawezaje kuwa na kasi zaidi?

Swali: Kompyuta yangu inahitaji kadi mpya ya michoro, na nimebakiwa na mbili za kuchagua: GeForce RTX 3060 ya gigabaiti 12 na GeForce RTX 4060. Kila ninayemuuliza ananiambia nichukue 4060, lakini nikilisoma jedwali la sifa naona 3060 ina viini (visehemu vya chipu vinavyofanya hesabu) vingi zaidi, kumbukumbu kubwa zaidi na njia pana zaidi ya kumbukumbu. Ninacheza gemu kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, na siku za mapumziko ninatengeneza picha za vyumba kwa Blender, programu ya michoro ya pande tatu. Madabodi yangu, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ni ya PCIe 3.0 (toleo la tatu la njia inayounganisha kadi na kompyuta). Je, linalodanganya ni jedwali, au ni washauri wangu?

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna anayedanganya. Jedwali umelisoma sawasawa, ila tarakimu zake nyingi hulinganishwa kwa haki pale tu kadi zinapokuwa za kizazi kimoja, na hizi zako zimepishana kizazi. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa na muundo wa Ampere, na chipu yake ilitengenezwa na Samsung kwa teknolojia ya nanomita 8. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 ikiwa na muundo wa Ada Lovelace, na chipu yake ilitengenezwa na kampuni ya TSMC, kwa teknolojia mpya zaidi inayoiwezesha kwenda kwa kasi kubwa bila kula umeme mwingi.

Chukua viini kwanza. RTX 3060 ina 3584 na RTX 4060 ina 3072, lakini idadi hiyo haina maana mpaka uizidishe kwa kasi ya saa ya chipu, yaani mipigo yake kwa sekunde, ambayo hufikia takriban gigahezi 1.78 kwa ya kwanza na 2.46 kwa ya pili. Kwa kuwa kila kiini huhesabiwa kufanya hesabu mbili kwa kila mpigo wa saa, RTX 3060 inapata takriban hesabu trilioni 12.7 kwa sekunde na RTX 4060 takriban trilioni 15.1. Wachache wenye mbio wamewapita wengi wa mwendo wa pole.

Njia ya kumbukumbu ni suala lenye utata zaidi, na ndiko wengi wanakopotea. RTX 3060 ina njia ya biti 192 inayopitisha gigabaiti 360 kwa sekunde, ilhali RTX 4060 ina biti 128 na gigabaiti 272 tu. Kilichofidia upungufu huo ni kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya chipu yenyewe, ambayo imepanda kutoka megabaiti 3 hadi 24. Data inayohitajika tena na tena ikikutwa humo, chipu haina haja ya kwenda kuitafuta nje, na upana wa njia hausumbui sana. Fidia hiyo, hata hivyo, ina mpaka: kadiri pikseli za skrini zinavyoongezeka, ndivyo data inavyozidi kuifurika kache. Ndiyo maana kwenye skrini yako RTX 4060 kwa kawaida huongoza kwa asilimia 15 hadi 20, na uongozi huo huelekea kupungua ukihamia pikseli 2560 kwa 1440.

Umeme sitauzungumzia kwa kirefu: wati 115 dhidi ya 170, na ushindi wa RTX 4060 hapo hauna ubishi. Kuhusu fremu za kubuni, zile ambazo DLSS 3, teknolojia ya NVIDIA, huzichomeka kati ya fremu zilizochorwa kweli na ambazo RTX 3060 haiwezi kuzitoa, nakushauri usizichanganye na kasi halisi. Picha huonekana laini zaidi, lakini mkono wako bado utahisi mwendo wa fremu za kweli, na zikiwa chache utabaki na uzito ule ule kwenye kipanya. Grafu za matangazo hupenda kuzijumlisha pamoja.

Sasa tuje kwenye gigabaiti, ambazo kwa maoni yangu ndiyo tarakimu pekee ya jedwali lako isiyofidiwa na ujanja wowote. Tengeneza chumba kimoja katika Blender. Picha moja ya kufunika uso wa meza, yenye pikseli 4096 kwa 4096 na baiti 4 kwa kila pikseli, inachukua megabaiti 64. Kifaa kimoja kikitumia picha nne za namna hiyo, ni megabaiti 256, na ukishaweka vifaa 20 umekwisha kufika gigabaiti 5 kabla ya kuhesabu maumbo yenyewe. Kadi ya gigabaiti 8 ikijaa, Blender humwaga sehemu ya data kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuburuta miguu, au husimama na kukuarifu kuwa kumbukumbu imekwisha.

Madabodi yako nayo inaongeza uzito upande wa RTX 3060. RTX 4060 hutumia njia 8 za PCIe badala ya 16, na kwenye PCIe 3.0 hilo ni takriban gigabaiti 7.9 kwa sekunde, nusu ya zile ambazo RTX 3060 itazipata kwenye madabodi hiyo hiyo. Mradi data yote imetosha ndani ya kadi, tofauti hiyo utaiona kwa nadra. Ikifurika, inalazimika kupita kwenye mlango ulio mwembamba zaidi ya mara 30 kuliko kumbukumbu ya kadi yenyewe, na katika gemu utaona picha ikikwamakwama.

Kwa mcheza gemu mtupu wa skrini kama yako ningesema RTX 4060 bila kusita. Kwako wewe, fungua kazi yako nzito kuliko zote, ianze kuchorwa, na usome tarakimu ya kilele cha kumbukumbu inayoandikwa juu ya dirisha la picha. Ikiwa haivuki gigabaiti 6, chukua RTX 4060, kwani picha zako zitakamilika mapema zaidi. Ikiwa inagusa 7 au kuzidi, mimi ningechukua RTX 3060 na kuvumilia fremu chache pungufu kwenye gemu.

Ukiamua hivyo, soma boksi kwa makini, kwa sababu lipo toleo la RTX 3060 lenye gigabaiti 8, njia ya biti 128 na gigabaiti 240 tu kwa sekunde, likiwa na jina lile lile. Ukishaifunga kadi, programu ya GPU-Z itakuonyesha ukubwa wa kumbukumbu na upana wa njia yake, na pia aina ya PCIe inayotumika. Usishtuke mstari huo wa PCIe ukisoma 1.1 wakati kompyuta imetulia, kwa maana kadi hujipunguza yenyewe ili kuokoa umeme. Ipe kazi ya kuchora kisha utazame tena.