Masikio ya Mickey na maswali mengine ya wakusanyaji

Barua nyingi zilizofika safari hii zinalia kilio kimoja: niliyemwona kwenye katuni siye niliyemkuta ndani ya boksi. Nimechagua tisa. Kwa anayesoma safu hii kwa mara ya kwanza, ninaposema "sanamu za viungo" nina maana ya zile sanamu ndogo za plastiki unazoweza kuzikunja magoti na viwiko, ambazo hukusanywa hata na watu wazima wenye mvi zao.

Shikamoo fundi. Nina sanamu ya Mickey Mouse. Ukimtazama usoni ni yeye kabisa, lakini ukimgeuza ubavu, masikio yanakuwa kama sahani zilizosimamishwa. Aliyechonga alikosea? – Mwanafunzi wa sanaa

Marahaba. Mchongaji hana kosa. Tangu mwaka 1928 Mickey amechorwa kwa ujanja: ageuke kushoto, ageuke kulia, masikio yanabaki duara mbili, yakiteleza juu ya kichwa ili mtazamaji ayaone yakiwa kamili. Mwaka 1941 wachoraji wake walijaribu kuyachora kama masikio ya kweli, yanayopungua upana kichwa kinapogeuka, katika filamu fupi chache. Haikudumu, wakarudi kwenye duara. Kwenye karatasi unaweza kurudi. Kwenye plastiki sikio lina mahali pamoja tu pa kukaa.

Kwa hiyo mchongaji huchagua upande mmoja na kuutetea. Wengi huchagua uso uliogeuka kidogo, kwa sababu ndivyo tunavyozipanga sanamu rafuni. Astro Boy, yule mvulana roboti wa katuni za Kijapani, ana tatizo hilohilo kwa zile ncha mbili za nywele, ambazo kwenye mchoro zinaonekana zote mbili hata akigeuka vipi. Lisa Simpson naye kichwa chake ni nyota kutoka kila upande, na ukitaka kuichonga nyota hiyo huna budi kuzungushia miiba kichwa kizima.

Anayenikosesha usingizi kuliko wote ni Peppa Pig. Huyu huchorwa ubavu, na macho yake yote mawili yako upande huohuo tunaouona. Ukifuata mchoro bila kupunguza kitu, unapata nguruwe mwenye macho mawili shavu hili na asiye na hata moja shavu la pili. Ukiyagawanya, jicho moja kila upande, unapata nguruwe wa kawaida, na mtoto wa miaka mitatu atakuambia palepale kwamba huyo si Peppa. Mimi ningefuata mchoro, kisha nikamwegemeza ukutani kwa lile shavu tupu.

Siku hizi katuni nyingi zinatengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo mhusika yupo tayari mbele, nyuma na pembeni. Kwa nini wasichukue faili wakaichapisha tu? – Mtu wa kompyuta

Swali zuri, na hata baadhi ya wamiliki wa wahusika huliuliza, wakidhani kazi imeisha wakishatuma faili.

Mhusika wa kwenye kompyuta ni ngozi tupu. Koti lake halina unene. Nywele zimezama ndani ya fuvu, mkanda umezama ndani ya tumbo, na hakuna anayejali kwa sababu kamera haipiti humo. Mashine ya kuchapisha inajali sana: kitu kisicho na unene hakichapishiki. Ongeza kwamba hata hao wa kompyuta hudanganya. Wahuishaji, yaani wanaowapa wahusika miendo, husogeza mdomo kuelekea kwenye shavu ili uonekane vizuri, hurefusha mkono katika fremu tatu kisha huurudisha. Ukifungua faili ukakuta mhusika amesimama wima, mikono imenyooshwa pembeni, unakutana na mtu ambaye hujawahi kumwona kwenye filamu. Macho yamekodoka, uso umepooza. Yule unayemfahamu anaishi katikati ya miendo.

Hata ukiyashinda hayo, kiwandani kuna kalibu. Sanamu za kuuzwa kwa wingi hazichapishwi moja moja. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande viwili, ikapoa, kalibu ikafunguka. Sasa fikiria nywele zenye ncha zilizopinda kama ndoano: kalibu ikifunguka, ndoano inang'ang'ania chuma. Ndiyo maana nywele za shujaa mmoja huweza kukatwa vipande vitano au sita, kila kimoja na nafasi yake ndani ya kalibu, halafu vikagundishwa na mstari wa gundi ukafichwa kwenye mkunjo kati ya shungi na shungi. Mchongaji mzuri anaufikiria mstari huo tangu siku ya kwanza. Mbaya anauachia kiwanda, na kiwanda kitaupitisha katikati ya paji la uso.

Sanamu yangu ya shujaa mwenye kifua kipana na miguu kama vijiti haisimami. Nikiiweka inaanguka na kuwaangusha wenzake. – Mwenye rafu ndefu

Wachoraji wanapenda kifua kama mlango na vifundo vya miguu kama penseli, na umbo hilo linapendeza kwelikweli. Lakini karatasi haina uzito. Kwenye sanamu, uzito wote uko juu na unabebwa na kiungo chenye pini nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mtengenezaji ana njia tatu: anenepeshe vifundo na kuharibu umbo, afanye kifua kiwe tupu ndani, au atie stendi kwenye boksi. Mimi nazikubali zote isipokuwa ya kwanza.

Wewe tumia stendi yenye mkono unaoshika kiuno. Kama miguu yenyewe imeanza kujipinda (plastiki laini ya PVC hulegea kwenye joto), itie kwenye maji ya moto yasiyochemka mpaka ilainike, inyooshe, kisha iingize kwenye maji baridi huku umeishikilia. Usiitie ikiwa na stika.

Kuna tofauti gani kati ya sanamu ya viungo na mwanasesere? Mume wangu anakasirika nikisema ana wanasesere arobaini. – Mke wa mkusanyaji

Dada, hoja yako ina nguvu. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilipotoa G.I. Joe, mwanajeshi wa kimo cha takriban sentimita 30 mwenye sehemu 21 zinazosogea, ilikwepa kumwita mwanasesere kwa kuhofia kwamba wavulana wasingemtaka. Jina jipya lilitungwa kwa ajili ya kuuzia.

Ila mume wako naye ana hukumu ya mahakama ya kujitetea nayo. Ushuru wa forodha wa Marekani wakati fulani ulikuwa asilimia 12 kwa wanasesere na asilimia 6.8 kwa vitu vingine vya kuchezea, na mwanasesere kisheria alikuwa kitu kinachowakilisha binadamu tu. Kampuni ya Toy Biz ikaenda mahakamani kudai kwamba sanamu zake za wahusika wa Marvel, wakiwemo X-Men, si za binadamu. Mwaka 2003 ikashinda. Wale X-Men ambao hadithi yao yote ni kudai wahesabiwe kuwa watu! Kwa hiyo, kama wake ni hao, hana wanasesere. Kama wake ni wanajeshi, endelea kumtania.

Kwa nini macho ya sanamu yangu yanatazama kando wakati ya rafiki yangu, sanamu ileile, yanatazama mbele? – Aliyekata tamaa

Macho mara nyingi hayachorwi kwa brashi. Yanapigwa muhuri: kifuko laini cha silikoni huchukua wino kwenye bamba lililochongwa, kikaubonyeza usoni, rangi moja baada ya nyingine. Kichwa kikikaa kombo kidogo tu, jicho limehama. Kichwa chenye upana wa milimita 15 kikikosewa kwa nusu milimita, ni sawa na mboni ya jicho la mtu halisi kusogea milimita tano. Ungemwona mtu huyo kutoka mbali.

Wahusika wa katuni ndio wanaoumia zaidi. Sura ya mtu wa kawaida ina mikunjo na vivuli vya kuficha kosa, wao wana nukta mbili na mstari. Katuni za Kijapani zina mzigo wa ziada, kwa kuwa mara nyingi nyusi huchorwa juu ya nywele, kana kwamba nywele ni kioo. Hakuna aliyelitatua hilo kikamilifu. Wengine huzificha nyusi chini ya nywele, na hasira ya mhusika ikapotea nazo. Nyuso za kubadilisha, kama zile za Nendoroid, sanamu ndogo za Kijapani zenye vichwa vikubwa zilizoanza mwaka 2006, zimesaidia sana: badala ya uso mmoja unaojaribu kuwa kila kitu, unapata wa kucheka, wa kulia na wa kupiga kelele. Kama unaweza kuiona sanamu kabla ya kununua, tazama macho kwanza. Mengine yote yanarekebishika.

Wahusika wa katuni za zamani mikono yao hupinda kama mipira ya maji. Inawezekana kuwa sanamu ya viungo? – Mpenzi wa za kale

Hawana viwiko, na ukiwawekea viwiko umewaua. Dawa ya zamani ni mpira laini wenye waya ndani, unaopinda popote. Lakini waya ukikunjwa mahali palepale mara nyingi hukatika, na ukishakatika ndani ya mpira hakuna fundi. Nunua, mpinde mara moja, muache hivyo.

Ironhide wa Transformers kwenye katuni ana kichwa na anaongea. Sanamu yake ya mwaka 1984 haina kichwa. Ilikuwaje? – Mtoto wa miaka ya themanini

Hapo mambo yalikwenda kinyume. Kwa Transformers, zile roboti zinazogeuka magari na vitu vingine, sanamu ilitangulia, katuni ikafuata. Nyingi zilikuwa tayari zinauzwa Japani katika mikusanyiko ya Diaclone na Microman, na roboti za Diaclone zilikuwa vyombo vya kuendeshwa na vijitu vidogo. Ndiyo maana Ironhide, kwenye nafasi ya kichwa, ana kiti na stika ya uso. Zilipohamia Marekani zikapewa majina na hadithi, na mhusika wa kuongea lazima awe na mdomo, basi wachoraji wakamtungia kichwa. Tangu mwaka 2003 mkusanyiko wa Masterpiece umekuwa ukifanya kazi ya kurudi nyuma, kutengeneza sanamu inayofanana na mchoro uliotokana na sanamu.

Nayo ni kazi ngumu, maana mchoraji aliyeachiwa huru hachungi vipimo. Megatron ni jitu, halafu anageuka bastola inayoshikwa mkononi na Starscream, roboti mwenzake. Ule mwili mwingine umeenda wapi? Kwenye katuni hakuna anayeuliza. Kwenye sanamu kila kipande cha bastola lazima kionekane mahali fulani juu ya roboti, na kila kipande cha roboti lazima kifichwe ndani ya bastola. Gari nalo lina milango, na milango hiyo lazima ining'inie mgongoni au ikunjwe mara nne. Wanaolalamika kwamba sanamu hizi ni ghali na zinahitaji kitabu cha maelekezo wajaribu kukunja meza ya jikoni iwe baiskeli.

Sanamu zangu za zamani zinanata. Nimezifuta, zimerudia. – Mwenye vidole vya gundi

PVC kwa asili ni ngumu, hulainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo hupanda juu polepole, hasa kwenye joto na ndani ya boksi lililofungwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kausha, ziweke penye hewa lakini si juani. Zitarudia tena, nawe utaosha tena. Kama ni za zamani sana usimpe mtoto anayetia vitu mdomoni: sheria za vilainishi zilikazwa baadaye, ile ya Marekani ikiwa ya mwaka 2008.

Nimebuni mhusika wangu wa katuni na nataka awe sanamu. Nianzie wapi? Picha nimeambatanisha. – Mchoraji chipukizi

Nimeiona. Anavutia, na hilo kofia nimelipenda. Umenitumia michoro kumi na miwili, yote anatazama mbele. Kabla ya mchongaji, kabla ya kampuni, mchore mgongo. Kofia linafungwaje? Mkia unatokea wapi, juu ya mkanda au chini yake? Ile skafu inayopepea ina ncha ngapi? Nimehesabu mbili kwenye mchoro wa tatu na moja kwenye wa saba.

Kisha chukua udongo wa mfinyanzi, mfinyange mwenyewe, hata vibaya. Usiku mmoja wa udongo utakuonyesha shingo isiyoweza kubeba kichwa hicho. Mimi mhusika wangu wa kwanza nilimchora miaka miwili, na siku nilipomfinyanga ndipo nilipogundua kwamba mikono yake haifiki kwenye upanga aliobeba mgongoni. Nililazimika kumpa fimbo.

Ukimaliza niandikie tena, ukianza na picha ya mgongo.