Usilipie hilo furushi la Asimov kabla hujasoma hapa

Mkuu wa Ujiji uliyetuwekea hapa orodha ya vitabu vya Foundation unavyouziwa, riwaya za sayansi za Mmarekani Isaac Asimov, usilipe. Kama umeshatuma nusu, mpigie muuzaji leo hii kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi, mwambie unataka vitatu tu: Foundation cha 1951, Foundation and Empire cha 1952 na Second Foundation cha 1953. Vile viwili alivyokuandikia namba 1 na 2, Prelude to Foundation na Forward the Foundation, abaki navyo.

Umeuliza riwaya za sayansi na za mazimwi tulizosoma karibuni, na ipi nzuri. Nitafika huko. Kwanza hiyo orodha yako, maana ndiyo hiyohiyo niliyouziwa mimi nikiwa hapahapa Kigoma, na maneno yalikuwa hayahaya: "Anza na hivi, ndivyo vinavyotangulia kwa matukio." Nililipa kwa faida ya dagaa wa Kibirizi, pesa niliyoipata kwa jasho.

Vinatangulia kwa matukio, sawa. Lakini Prelude kilitoka 1988, na Forward kikatoka 1993, mwandishi akiwa ameshafariki. Viliandikiwa watu waliokwisha kumjua Hari Seldon, yule mwanahisabati wa hadithi hizi anayebashiri yajayo, miaka na miaka. Anayeanza navyo anamkuta kijana mmoja anakimbizwa huku na huku kwenye Trantor, sayari iliyo mji mkuu wa himaya, na hajui kwa nini amjali.

Kitabu cha 1951 kinakupa Seldon mwingine kabisa. Unamwona kidogo tu, mzee, anashtakiwa, kisha anatoweka. Miaka 50 baadaye ndani ya hadithi, wakubwa wa Terminus, sayari ilipo Foundation, ile taasisi aliyoiasisi, wamekusanyika chumbani, taa zinafifia, na taswira yake inatokea imekaa kwenye kiti cha magurudumu, kitabu kimefunikwa mapajani. Anaanza kuongea na watu asioweza kuwaona, na anawaambia jambo linalowakata maini. Ukurasa ule unatisha kwa sababu humjui yule mzee. Mimi nilifika pale nimeshakula naye, nimeshalia naye misiba yake. Sikushtuka hata chembe.

Na hilo ni dogo. Second Foundation ni kitabu cha kutafuta: ile Foundation ya pili imefichwa wapi? Watu wanapekua, wanatuhumiana, kila mmoja ana jibu lake, na jibu la kweli linakuja mwishoni kabisa. Forward kinakuonyesha waziwazi ilikoanzishwa. Kwa hiyo nilisoma msako mzima nikiwa najua, na raha ile hairudi, maana huwezi kusoma kitabu kwa mara ya kwanza mara mbili. Hapa sisemi ni wapi, na wadau wengine naomba msimwambie.

Muuzaji wangu alikuwa hajasoma hata kimoja, na bado aliapa kwamba wasomaji wote wa Dar wanaanza hivyo. Muuza vitabu asiyesoma ni mpishi asiyeonja. Wako atakwambia Asimov mwenyewe aliorodhesha vitabu kwa mfuatano wa matukio mwanzoni mwa Prelude. Ni kweli, aliorodhesha. Lakini palepale anaeleza kwamba sivyo alivyoviandika, na wewe unataka kugundua mambo kwa zamu ileile waliyogundua wasomaji wake wa kwanza.

Fuata mwaka wa kuchapwa. Funua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, utafute mwaka wa toleo la kwanza; ule wa chapa mpya utakudanganya. Hata vile vya watoto vya Narnia, vya C. S. Lewis, wachapishaji wenyewe wamevigeuza namba: The Magician's Nephew cha 1955 sasa ni namba 1, kabla ya cha 1950 chenye simba na kabati. Mtoto akianza nacho, ile nguzo ya taa inayowaka peke yake msituni kwenye theluji haimshangazi tena, ameshaambiwa ilikotoka.

Nilichomaliza karibuni ni Who Fears Death cha Nnedi Okorafor, 2010. Jangwa la Sudan ya baadaye, binti mwenye hasira ya haki na uchawi mkali. Kizito, kina ukatili, na ndicho bora nilichosoma kwa muda mrefu. Kuna The Book of Phoenix, cha 2015, kinachosimulia yaliyotangulia. Akikuuzia vyote viwili pamoja na kukwambia uanze na hicho cha 2015, kata simu.