Mkesha wa mishumaa: nyuso giza, mabango meupe

SWALI: Nilipiga picha kwenye mkesha wa barabarani wa kudai mateka warudishwe. Nina lenzi ya milimita 50, f/1.8. Nilipoiacha kamera ijipangie, nyuso zilitoka nyeusi. Nikawasha flashi, mabango yenye picha za mateka yakawa meupe pe. Na chini ya taa za barabarani, utepe wa njano ulitoka kama mweupe. Wiki ijayo kuna mkesha mwingine, nirekebishe nini?

JIBU: Ndugu yangu, flashi ibaki kwenye mkoba. Mabango hayo mara nyingi hufunikwa plastiki ya kung'aa. Ukilimulika ukiwa umelikabili, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi, na anayefutika ni yule yule ambaye watu wamekesha kumdai. Hata bila flashi, sogea pembeni kidogo mpaka mng'ao wa taa utoke usoni mwake.

Kamera iweke kwenye M, yaani ujipangie mwenyewe. Anza na f/2 (uwazi wa lenzi), shata 1/100 ya sekunde, ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Ikibidi panda hadi 6400. Chenga, zile nukta zinazoletwa na ISO kubwa, zinapunguzika baadaye, picha iliyotikisika haiponi. Hiyo 1/100 ina sababu yake: penye umeme wa hezi 50, taa nyingi hupwitapwita mara 100 kwa sekunde, na shata ya kasi zaidi inaweza kukuachia michirizi ya giza. Penye hezi 60, tumia 1/60.

Ila kazi kubwa haiko kwenye vitufe, iko kwenye umbali wa mshumaa. Mshumaa ulio sentimita 60 kutoka usoni unatoa robo tu ya mwanga ambao ungetoa ukiwa sentimita 30. Kwa hiyo usihangaike na anayeunyoosha mkono mbele. Mtafute anayewasha mshumaa wake kwa wa jirani: wameinama, vichwa vimekaribiana, miali miwili inamulika nyuso mbili, na kiganja kinachozuia upepo kinageuka kuwa kioo kidogo cha kuurudisha mwanga. Mimi husimama hapo na kusubiri hata dakika 10. Fokasi iwe kwenye jicho. Ukiielekeza kwenye mwali, kamera hubabaika.

Kuhusu utepe, kosa si lako. Zile taa za zamani za rangi ya machungwa, za sodiamu, zina njano tele na rangi nyingine kidogo mno, hivyo kitambaa cha njano na cheupe hufanana. Hakuna programu itakayorudisha rangi ambayo taa haikuwa nayo. Upige utepe penye taa nyeupe za LED. Nisingeupuuza, maana una historia: Wamarekani 52 walipokuwa mateka Iran kwa siku 444, kuanzia Novemba 1979 hadi Januari 1981, Penelope Laingen, mke wa mmoja wao, alifunga utepe wa njano kwenye mwaloni nyumbani kwake, na nchi nzima ikamwiga.

Piga kwa RAW, faili ghafi ambayo rangi zake unaweza kuzirekebisha baadaye. Mwanga wa mshumaa ni kama kelvini 1,900 (kipimo cha rangi ya mwanga). Ukiweka mizani ya nyeupe (mpangilio wa rangi wa kamera) karibu na 2,800, nyuso zinabaki na udhahabu wake bila kuwa nyekundu.

Ukifika, kabla umati haujajaa, piga bango moja na ulikuze kwenye skrini. Jina halisomeki? Ongeza ISO, hata kama miali itapoteza umbo pichani na kuwa weupe mtupu.