Jibu: vigawo vya 510,510 bila kalkuleta

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza vigawo vya 510,510 uanzie wapi kama huna kalkuleta. Iangalie kwanza hiyo namba, 510 imejirudia mara mbili, ina maana ni 510 × 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13, hii ishike kabisa maana namba yoyote ya tarakimu sita inayojirudia hivyo inafunguka hapo hapo, mi huwa nawachorea madogo kwa chaki hapa Mwanga wanashangaa. 510 yenyewe ni 2 × 3 × 5 × 17. Ziunge sasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu) saba za mwanzo zote hakuna iliyorukwa, hapo ndo patamu! Vigawo vyote viko 128, kwa sababu kila kigawo unakiunda kwa kuzidisha baadhi ya hizo tasa, na kila tasa ni uichukue au uiache, yaani 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2.