Jibu: Kachina za Wahopi ni midoli tu?
Ndugu yangu, umeuliza kama kachina ni midoli ya kuchezea. Hapana, ni zaidi ya hapo. Kwa Wahopi, kabila la wenyeji wa Arizona nchini Marekani, ni sanamu za mbao zenye sura za roho wanaokuja vijijini kipindi cha baridi na kuondoka Julai, baada ya ngoma ya Niman. Wasichana hupewa sanamu hizo ngomani, kisha huzitundika ukutani ili wajifunze kuwatambua roho hao. Huchongwa kwa mzizi mkavu wa kotonwudi, mti wa kando ya mito. Ni laini kwa kisu na mwepesi ajabu mkononi. Mimi namheshimu sana Jimmy Kewanwytewa, mchongaji wa Kihopi aliyetia herufi zake, J.K., kwenye kazi zake enzi ambazo wachongaji hawakusaini. Ukinunua, uliza jina la mchongaji na kabila lake.