Nina aibu, nitamkaribishaje mteja?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 21 na nimeanza kazi miezi miwili iliyopita kwenye mgahawa mmoja hapa Uyole, Mbeya, pembeni ya barabara kuu. Mimi ni mtu wa aibu. Mwenye mgahawa ananiambia kila siku kwamba nimenuna na wateja wanaona kama siwataki. Nikijilazimisha kucheka ndiyo naharibu zaidi. Nifanyeje?
Mhudumu, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Acha kujilazimisha. Nimehudumia meza miaka 19, nikianzia Iringa kisha Mbeya, na wahudumu wawili waliopendwa na wateja kuliko wote niliofanya nao kazi walikuwa wakimya kama wewe. Mteja amekuja na njaa, na hapo Uyole mara nyingi amekuja na baridi pia.

Anza na hiyo baridi. Basi la kutoka Kyela linaanzia huko chini karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, linapanda Tukuyu mpaka kwenu, ambako ni zaidi ya mita 1,700. Mtu alipanda na shati jepesi, anashuka mwezi wa saba meno yanagongana. Huyo ukimnawisha kwa maji ya bomba umemfukuza. Pasha maji. Yajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, yawe na uvuguvugu wa kumfanya mtu atamani kuiacha mikono pale. Anza na mkubwa wa umri. Msogezee beseni ili asiinuke, mimina kidogo, ngoja apake sabuni, halafu mimina taratibu mpaka povu lote liishe. Tazama mabega yake, utayaona yanashuka. Hapo hujasema zaidi ya "shikamoo, pole na safari", na mgeni ameshajua yuko kwa watu.

Shikamoo usimnyime mtu kwa sababu ya buti zenye tope la shamba la viazi. Na mzee wa Rungwe akikusalimia kwa Kinyakyusa, "ugonile", itikia hata kama lugha huijui vizuri. Atafurahi.

Abiria wa basi mwulize jambo moja tu: "Gari lenu linaondoka saa ngapi?" Kama ni dakika 15, usimtajie kuku wa kukaanga. Mpe kilichoiva, wali maharage au supu na chapati, na chenji uwe nayo mkononi. Dereva wa lori la kwenda Tunduma ni mwingine kabisa. Huyo anataka meza inayotazama barabarani, alione gari lake akiwa anakula. Akiwa Mzambia akaomba nshima, ni ugali huo. Mletee bila kumsahihisha.

Sasa jambo ambalo mimi liliniuma. Mwaka wangu wa kwanza Iringa, baba mmoja alikuja na mke na watoto watatu, wamevaa vizuri, inaonekana ni siku yao. Akaagiza samaki. Nikaenda jikoni, nikarudi: wameisha. Akaagiza kuku. Wameisha. Akaagiza ndizi nyama, nikaenda tena, nikarudi na jibu lile lile. Akaifunga menyu polepole, akaiweka mezani, akasema, "Mwanangu, tuambie mlichonacho." Watoto walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Ndiye aliyewaleta, na mimi nilikuwa nimemwaibisha mara tatu mbele yao, kwa heshima zote na tabasamu juu. Kwa hiyo kabla hujashika zamu pita jikoni, uliza kilichopo na kinachokaribia kwisha, na umwambie mgeni kabla hajachagua. "Leo samaki hatuna, ila maharage yametoka jikoni sasa hivi." Sentensi kama hiyo hata mwenye aibu anaiweza, maana ina habari ndani yake, haihitaji uchangamfu.

Mwenye mgahawa mwombe jiko moja la mkaa na sufuria ya maji ya kunawa, viwe tayari kuanzia saa 12 asubuhi mabasi yanapoanza kusimama. Mwambie utavisimamia mwenyewe. Jaribu wiki mbili, kisha niandikie, uniambie hasa wazee wanasemaje unapowanawisha.